Ya Kwanza Sikuwa Nimeiona

Baba yangu mpendwa,

Nimeipata ile sinema ya kwanza. Nimeikuta Bungoma mjini, kwa kijana anayeuza sidii na kanda karibu na msikiti, imelaliwa na rundo la nyimbo za injili, jalada limefifia hata sura ya akta haionekani vizuri. Nilisimama pale nikiishika mpaka kijana akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni sinema tu ambayo baba yangu aliniuliza habari zake nikashindwa kumjibu. Akauliza baba yuko wapi siku hizi. Nikasema yuko Bumula, na kwa kweli uko Bumula, nyuma ya nyumba, kando ya migomba uliyoipanda mwenyewe.

Najua barua hii haina posta ya kuipeleka. Naiandika wazi, anayetaka aisome, kwa sababu aibu niliyokutia nilikutia mbele za watu. Si haki nikuombe msamaha kwa kunong'ona.

Unaikumbuka siku uliyokuja Kitale. Mimi naikumbuka kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, hata kuliko siku tuliyokuzika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikitangaza vidio katika banda la mabati nyuma ya soko. Kazi yenyewe hukuielewa, na sikulaumu. Watu waliketi kwenye mabenchi, sinema ikaonyeshwa kwenye televisheni mbili zilizopangwa juu ya meza, na mimi kwenye kona na kipaza sauti nikawaeleza kwa Kiswahili nani anamfukuza nani na kwa nini. Sinema nyingi zilikuwa za lugha ambazo hata mmoja wetu hakuzijua. Hilo halikunisumbua. Nilitazama midomo ikicheza nikajaza maneno, na watu wakaniita DJ na kunisalimia barabarani hadi nikajiona mkubwa.

Wewe ulikuwa fundi wa baiskeli, na ulitaka niwe fundi wa baiskeli. Nilipokataa hukugombana nami. Uliwaambia tu watu wa Bumula kwamba Wafula ameajiriwa ofisini huko Kitare, ndivyo ulivyopaita maisha yako yote, na waliokuuliza ofisi gani uliwapa spana washike wakati unakaza gurudumu.

Siku hiyo ulifika saa nane mchana, umevaa koti la kanisani, na mfukoni mwa koti ile spana yako namba kumi na tano ilikuwa inavuta kitambaa chini. Ulitembea nayo kila mahali, hata kwenye harusi. Ulikuwa umekonda. Niliona, Baba, usidhani sikuona, ila nilijiambia ni safari. Uliniletea ndizi na mfuko wa karanga, ukaniuliza kama nalala vizuri. Kisha ukasema una neno nami. Nikajibu kwamba sinema inaanza sasa hivi na watu wamejaa. Ukasema hakuna haraka, nimalize kazi kwanza. Nikakuketisha benchi la mbele, mahali pa heshima, nikarudi kwenye kona yangu.

Ilikuwa sehemu ya pili. Ya kwanza ilikuwa imewika Eldoret na Webuye lakini Kitale haikufika, na mwenye banda aliponunua hii ya pili aliniambia nitajua la kufanya. Sinema ikaanza katikati ya mambo. Kabla hata majina hayajaisha, nyumba ikalipuka, akta akatoka ndani ya moshi, na mkononi mwake alikuwa amemshika mtoto wa kike wa miaka kama sita. Watu watano wenye bunduki wakamfuata. Mmoja wao alikuwa na kovu, na akta alipomwona alilia. Kwa nini alilia? Mimi sikujua. Nikawaambia watu kwamba mwenye kovu alimwibia akta ng'ombe, wakaridhika.

Wewe hukuridhika. Kwetu habari ya mtu haianzi kusikilizwa kabla hajajulikana ni wa nani. Mgeni akiingia uani kwako, hata kama nyumba yake inaungua, ulimuuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani, ukoo gani, na mama yake ametoka upande upi, ndipo ukachukua ndoo. Sinema nayo ukaiingia hivyo hivyo. Kila aliyetokea kwenye kioo ukauliza, kwa sauti yako ya kuita mtu ng'ambo ya mto, huyu ametoka wapi. Huyu ni wa nani. Huyo aliyepigwa risasi, watu wake watapata habari kwa njia gani. Mwanzoni watu walicheka kwa wema. Mwanamke mmoja alianza hata kukusaidia kuuliza.

Mimi nilikuwa natoka jasho. Kila swali lako lilikuwa zuri, na jibu lake lilikuwa katika sinema ya kwanza. Ningekuwa na moyo mpana ningesema, jamani, ya kwanza sikuiona, tutazame pamoja. Lakini DJ hasemi hajui.

Halafu akta akamvusha yule msichana mto, nami nikatangaza kwamba anampenda sana binti yake. Ukageuka kwenye benchi ukanitazama moja kwa moja.

"Huyo si babake," ukasema. "Angalia vile amemshika. Huyo ni mtoto amewekewa na mtu."

Banda zima likaangua kicheko, na mara hii walikuwa wananicheka mimi. Mtu wa nyuma akapaza sauti.

"DJ, huyo mzee ni wako?"

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema, "Ni mteja tu, ametoka Bumula. Huko bado hawajaonyeshwa sinema, mvumilieni. Anadhani hawa ni majirani zake."

Walicheka mpaka mabenchi yakalia. Nawe ulicheka kidogo, Baba, na hicho ndicho kitu kinachonisumbua zaidi. Ulicheka kama mgeni anavyocheka mzaha asioujua, ukageuka mbele, ukaweka mikono juu ya magoti. Hukuuliza tena chochote hadi mwisho. Watu wengine ishirini walikufa kwenye kioo na hukutaka kujua ni wa nani.

Baadaye tulikwenda hotelini kunywa chai. Ilikuwa bado mchana, mvua ya Kitale inataka kuanza na haijaanza. Hukutaja maneno yangu wala banda. Ulikoroga chai yako hadi sukari ikachoka, kisha ukaniambia kwa upole kabisa:

"Wafula, hebu niambie ya kwanza. Ukishaniambia ya kwanza, hata mimi nina ya kukuambia."

Ningekuambia sina, ungecheka, ungeniambia neno lako. Lakini nilikuwa bado na joto la banda usoni. Nikafikiri unanichokoza, unataka kunionyesha kwamba umegundua sijui.

"Ya kwanza si muhimu, Baba," nikasema. "Mtu anaweza kuanza na ya pili na asikose kitu."

Uliangalia kikombe. Nilidhani unatafuta nzi.

"Si muhimu," ukasema.

"Kabisa."

Ukaitikia kwa kichwa, ukamaliza chai, ukasema heri uondoke kabla ya mvua. Nilikusindikiza. Nilipokukumbusha kwamba ulikuwa na neno, ulisema lilikuwa dogo tu, limepita. Ukanipa mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima, kitu ambacho hukuwahi kufanya. Ulikuja Kitale na neno, ukarudi nalo.

Miezi mitatu baadaye mdogo wangu alinipigia kupitia simu ya jirani. Alisema nije, halafu akakata, nikajua. Nilishuka gari Kanduyi asubuhi na mapema nikakuta mtu wetu mmoja ananisubiri na baiskeli, moja ya zile ulizozitengeneza, na njia yote hadi Bumula alipiga kengele ili nisilie. Nilipofika ndipo nikaambiwa kwamba kifua kilikuwa kimekusumbua mwaka mzima. Siku ulipokuja Kitale ulikuwa umeshaambiwa na madaktari kwamba hakuna dawa zaidi. Hakuna aliyejua ila dadako, Senge wetu, na ulikuwa umemwapisha.

Siku ya mazishi waliniita nisimulie maisha yako. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yako, na zaidi ya hapo watu walijua nina sauti. Mama angekuwa hai labda angenizuia, lakini Mama alikutangulia miaka saba. Mwenye banda wa Kitale alileta spika zake na jenereta, akanipa kipaza sauti kile kile. Nikaanza vizuri. Nilieleza juu ya karakana yako chini ya paa la majani ya miwa, jinsi ulivyokataa kuwatengenezea breki watu walevi mpaka walale kwanza, na jinsi ulivyotembea na spana hadi madhabahuni. Watu wakacheka, wakalia kidogo, nikaona mambo yanakwenda.

Kisha mzee mmoja wa Bokoli, aliyeketi upande wa ukoo wetu, akainua fimbo. Akasema kijana anaanzia katikati. Aanze mwanzo. Huyu marehemu alitoka Bokoli akaja kukaa huku Bumula ambako hakuwa na mtu. Alikuja lini, alikuja kwa sababu gani, na alikuja na nani?

Sikujua, Baba. Nilisimama mbele ya jeneza lako na maiki mkononi, mimi niliyewaeleza watu wa Kitale maisha ya Wachina na Wahindi na Wamarekani, na sikujua ulitoka Bokoli kwa sababu gani. Sikuwahi kukuuliza. Nilikujua tangu ukiwa mtu mzima mwenye mikono ya grisi, na nilidhani ulianzia hapo.

Basi nikafanya nilichozoea kufanya. Nikajaza. Nikasema ulikuja Bumula na Mama, mkiwa mmeoana karibuni, kutafuta shamba la kunilea mimi. Nilisema hivyo kwa sauti nzuri ya sinema.

Wazee wa Bokoli waliangalia chini. Senge akainuka kwenye mkeka wa wanawake, akaja polepole kwa ajili ya magoti yake, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Hakujua kukishika, alikiweka mbali na mdomo, lakini palikuwa kimya hivi kwamba kila mtu alisikia.

"Alikuja na wewe mgongoni," akasema.

Hakuendelea hapo mbele za watu. Alinirudishia kipaza sauti, nami nikampa mchungaji. Mengine aliniambia tukishakufukia, tumeketi kwenye ukuta wa karakana yako. Nimeyabeba tangu siku hiyo.

Aliniambia ulikuwa na ndugu anayekufuata. Mke wake alifariki siku aliponizaa. Baada ya miezi minne ndugu yako naye akaangukiwa na trela la miwa barabarani, akakaa siku mbili, na katika siku hizo mbili alikuita wewe akakuweka mtoto mikononi. Wazee wa Bokoli walisema kapera hawezi kulea mtoto mchanga, heri apelekwe kwa bibi yake upande wa mama. Ulikataa. Walipokuja kunichukua, ulikuwa umeshanifunga mgongoni kwa leso ya marehemu mke wa ndugu yako, kama mwanamke, ukaondoka kwa miguu. Barabarani watu walisimama kukushangaa. Ulifika Bumula na mtoto, leso na spana. Ulipoulizwa huyu ni mtoto wa nani, na kwetu swali hilo halikosi kuulizwa, ulijibu, wangu. Mama ulimwoa mwaka uliofuata, naye akajibu vivyo hivyo mpaka akafa.

Hapo ndipo nilipokumbuka Bokoli. Mwaka wangu wa kutahiriwa, kabla sijaenda mtoni kupakwa matope kwa desturi yetu, ulinipeleka huko kwenye boma lililokuwa limemea magugu, ukanisimamisha mbele ya kaburi lisilo na jina. Uliniambia nisalimie. Nikauliza ni nani, ukasema ni ndugu yako, nimsalimie vizuri. Nilisalimia haraka maana miguu ilikuwa na baridi na wenzangu walikuwa wananingoja na njuga. Wewe ulibaki nyuma ukiongea na lile kaburi. Nilidhani unaomba. Sasa nadhani ulikuwa unamwonyesha.

Nilimuuliza Senge ulisema nini ulipotoka Kitale. Alijaribu kuniepusha. Nikamshika mkono, ndipo akasema ulipita kwake jioni ile, ukachukua baiskeli yake ambayo haikuwa na shida yoyote ukaanza kuigeuza gurudumu. Alikuuliza kama umeniambia. Ukajibu kwamba kijana amesema ya kwanza si muhimu. Basi tusimsumbue.

Miaka sita sasa nayatafuna maneno hayo. Kuna siku najifariji kwamba labda ulirudi mwepesi, kwamba ulisikia mwanao akikuambia asili yake haimhusu, yeye anakujua wewe na inatosha. Kuna siku nyingi zaidi ambazo naona tu mzee mgonjwa aliyefunga safari kutoka Bumula na siri ya miaka ishirini na mitatu, akachekwa na banda zima, kisha akaambiwa kwamba siri yake haina kazi. Senge anasema nichague la kwanza. Sijaweza.

Banda niliacha mwaka ule ule. Sasa hivi napewa kipaza sauti kwenye harusi na matanga, hapa Bungoma na kwingine, na wanasema nimekuwa mchoshi. Kabla sijashika kazi yoyote namtafuta mtu mzee kuliko wote wa nyumba hiyo, naketi chini, namwambia anieleze kutoka mwanzo na asifikiri najua. Wengine hushangaa. Juzi bibi mmoja wa Bumula alinieleza kwa saa tatu na harusi ikachelewa, na bwana harusi hajaniamkia hadi leo.

Ile sidii niliitazama nyumbani kwako Jumamosi mchana, madirisha wazi, bila kutangaza. Mke wangu alikuja akaketi kidogo, akaniuliza kwa nini nimezima sauti, nikamwambia nataka kutazama mikono. Ni sinema ya kawaida, Baba, risasi nyingi na akili kidogo. Lakini majibu yako yote yamo. Yule mwenye kovu ni shemeji yake akta, walikula sahani moja, ndiyo maana alilia. Nyumba iliyolipuka ni ya wazazi wake. Na katikati hivi, kwenye lango la bandari, yuko mtu amelala chini anavuja damu, ni mdogo wake akta, na kwenye koti lake amemfunika msichana mdogo. Anamtoa, anamweka mikononi mwa kaka yake. Akta hajui kumshika. Anamshika kwa mikono miwili mbali na kifua, kama mtu aliyepewa sufuria la moto, kisha taratibu anamsogeza.

Nilirudisha hapo mara nyingi hadi mashine ikakataa.

Ulikuwa umeona vizuri. Ulikuja kwenye sehemu ya pili bila kuonyeshwa ya kwanza, na katika banda la watu themanini ni wewe peke yako uliyejua, kwa kutazama mkono tu. Nami niliyekuwa nimeshikwa na mkono wa namna hiyo miaka yote sikuutambua. Nimekosa, Baba. Nimekosa ya banda, nimekosa ya chai, nimekosa ya kutokuuliza.

Ya kwanza ni muhimu. Nilikwenda Bokoli mwezi uliopita nikalima yale magugu, nikamsalimia yule ndugu yako vizuri, bila haraka. Nilimwambia mtoto wake hajambo, alilelewa. Sikumwita Baba. Nilijaribu, nikashindwa, jina hilo limeshakaliwa. Nafikiri yeye ataelewa kuliko mtu yeyote.

Spana yako iko mfukoni mwangu ninapoandika. Imenitoboa makoti mawili.

Limebaki jambo moja, na sitalisema kwako, maana wewe ulilijua. Kuna mtu aliyeketi benchi la nyuma mchana ule Kitale, aliniuliza swali nami nikamjibu uongo mbele ya watu wote. Sikumjua jina. Kama barua hii itamfikia, namwomba asikilize jibu lake, limechelewa: yule mzee wa Bumula ni wangu.

Pumzika, Baba. Nimemaliza kazi, na neno lako limenifikia.

Mwanao,
Wafula